Vifo vya Watoto Wachanga Upare na Taveta
Malaria haiui watoto kwa homa peke yake. Huwapunguza damu, hata maradhi mengine yaliyo madogo yakawamaliza. Jambo hili lilidhihirika Upare na Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, ambako tangu 1955 hadi 1959 kuta za nyumba zilinyunyiziwa sumu ya dieldrini. Mbu wa jamii ya funestus wakakaribia kutoweka, damu ya watoto ikaongezeka, na vifo vya wachanga vikapungua. Unyunyizaji ulipokoma, malaria ilirudi polepole. Lakini vifo, ajabu, havikurudia wingi wake wa kwanza. Yamkini dawa za homa, zilizokwisha kuanza kuwafikia wazazi, zilikuwa na sehemu yake. Basi si haki kuipa dieldrini sifa yote.