Mwali wa Kubuni na Makungwi wa Kubuni: Ushauri wa Urembo katika Majarida ya Wasichana, 1944–1994

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, kumfunda msichana aliyevunja ungo kulikuwa kazi ya somo au kungwi, yaani mwanamke mzima aliyekabidhiwa mwali ili amfundishe usafi, mapambo na mwenendo wa watu wazima, na mafunzo hayo yaliambatana na vitu vilivyojulikana kwa majina: liwa, singo, hina, wanja, asumini na moshi wa udi. Hata pale mafunzo yalipoandikwa, kama alivyofanya Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia bintiye utendi mwaka 1858 na kugusia ndani yake mambo ya nywele, manukato na mapambo, aliyefunda alimjua vyema anayefundwa. Jarida la matineja, yaani jarida linalowalenga vijana wa umri wa miaka 13 hadi 19, lilivunja kanuni hiyo moja tu, lakini ndiyo iliyokuwa mhimili wa kanuni nyingine zote, kwa kuwa lilimweka kungwi asiyeweza kumwona mwali wake. Vichekesho vingi vinavyopatikana leo katika kurasa zake za mitindo na urembo vinatokana na hitilafu hiyo.

Jarida lililoweka msingi wa aina hii ni Seventeen, lililotoka kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwezi Septemba 1944 chini ya mhariri Helen Valentine, na ambalo nakala 400,000 za toleo lake la kwanza ziliisha kwa siku sita. Valentine hakutaka msomaji wake achukuliwe kama mtoto, na kwa hiyo kurasa za nguo zilikaa pamoja na makala za vitabu, kazi na mambo ya dunia. Mwaka 1950 jarida hilo lilichapisha hata hadithi fupi ya Sylvia Plath, aliyekuwa bado hajajulikana kama mshairi. Hata hivyo jarida huishi kwa matangazo, na wenye viwanda wa wakati ule walihitaji kushawishiwa kwamba msichana wa shule ni mteja wa kushughulikiwa. Estelle Ellis, aliyesimamia kazi ya kulinadi jarida, aliwapelekea Teena, msichana wa kubuni aliyeundwa kutokana na utafiti uliofanywa juu ya wasomaji, mwenye mapenzi ya nguo mpya, fedha kidogo za mkononi na ushawishi mkubwa juu ya mkoba wa mama yake. Teena alikuwa mwali wa ajabu, kwa maana alijulikana kipimo cha kiuno na tabia za ununuzi, ilhali hakuna aliyepata kumwona akipiga chafya.

Mazingira ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia yaliupa ushauri wa urembo sura ya kubangaiza ambayo haikuutoka tena. Nailoni ilipochukuliwa kutengenezea miavuli ya wanajeshi wa angani, wanawake wa Marekani walijipaka rangi miguuni ili waonekane wamevaa soksi ndefu, na nchini Uingereza, ambako nguo zilipatikana kwa kuponi tangu 1941 hadi 1949, wapo waliotumia rangi ya kukolezea mchuzi, kisha wakachorewa mstari wa mshono nyuma ya mguu kwa penseli ya nyusi na kuomba mvua isinyeshe. Vita vilikwisha lakini jiko likabaki kuwa duka la vipodozi. Katika miaka ya 1950, wakati sketi pana zilipovaliwa juu ya magagulo, yaani nguo za ndani zinazotanua sketi, wasichana walifundishwa kuyakakamaza magagulo hayo kwa maji ya sukari, mbinu ambayo bila shaka ilipata mashabiki wa dhati miongoni mwa sisimizi. Katika miongo iliyofuata kiini cha yai na mayonezi vilipelekwa kwenye nywele kavu, bia kwenye nywele zisizong'aa, vipande vya tango kwenye macho yaliyochoka, maji ya limau kwenye madoadoa ya uso na dawa ya meno kwenye chunusi, kiasi kwamba msomaji mtiifu angeweza kuingia kwenye dansi akinukia kachumbari.

Ushauri huo ulikuwa na muundo wake, na muundo wenyewe ndio unaochekesha zaidi kuliko viambato. Kwanza kasoro ilitajwa, mara nyingi kasoro ambayo msichana hakujua kuwa anayo. Kisha tiba ilielezwa. Na dawa iliyokamilisha tiba ilitangazwa kurasa chache mbele. Nyuso ziligawanywa katika maumbo ya yai, duara, mraba na moyo, lakini mgawanyo huo haukuwa wa haki, kwa sababu uso wa umbo la yai ulihesabiwa kuwa ndio uso, na nyingine zote zikawa magonjwa ya kutibiwa kwa mkato wa nywele na kivuli cha poda. Katika miaka ya 1960 mwenye nywele za mawimbi alizilaza juu ya meza na kuzipiga pasi kama shati, huku mwenzake mwenye nywele nyoofu akilala juu ya rola ngumu ili aamke na mawimbi, na wote wawili wakashauriwa wapate usingizi wa kutosha kwa ajili ya ngozi. Mwaka 1966, Twiggy, msichana wa London mwenye umri wa miaka 16, alipopata umaarufu kwa nywele fupi na kope za chini zilizochorwa kwa mkono, wasomaji waliokuwa wamefundishwa kujaza vifua walianza kufundishwa kuvificha. Baada ya kurasa kadhaa za kurekebisha kila kiungo, makala za namna hii zilipenda kufunga kwa nasaha moja iliyozifuta zote, nayo ni kwamba siri ya urembo ni msichana kubaki kuwa yeye mwenyewe.

Nchini Uingereza nafasi ya kungwi ilishikwa na jarida la Jackie, lililoanzishwa Januari 1964 na kampuni ya D.C. Thomson ya Dundee, Scotland, na ambalo katikati ya miaka ya 1970 liliuza zaidi ya nakala 600,000 kwa wiki. Barua za wasomaji zilijibiwa na Cathy na Claire, madada wawili wenye huruma na busara ambao kasoro yao pekee ni kwamba hawakuwapo, kwa kuwa majina hayo yalitumiwa na waandishi mbalimbali wa jarida. Hapo ndipo mzunguko ulipokamilika: Marekani ilikwisha kumbuni mwali, na Dundee ikawabuni makungwi. Mwaka 1978 mtafiti Angela McRobbie, akiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, aliandika kwamba Jackie lilimfungia msichana katika ulimwengu wa mapenzi, mitindo na muziki, kana kwamba hakuna shule, kazi wala siasa. Uchambuzi huo una uzito, ijapokuwa unaacha upande wa msomaji, ambaye aliweza kulisoma jarida akicheka na wenzake, kubandika picha ya mwimbaji ukutani, na kuuacha ushauri wa limau palepale.

Afrika nayo ilikuwa na kungwi wake wa kubuni. Jarida la Drum, lililoanzishwa Afrika Kusini mwaka 1951 na kupata matoleo ya sehemu nyingine za bara, likiwemo la Afrika Mashariki, lilikuwa na safu ya ushauri ya Dolly, ambaye jina lake lilitokana na mwimbaji na mwigizaji Dolly Rathebe, ingawa majibu yaliandikwa na wafanyakazi wa jarida, wakiwemo wanaume. Mwanahistoria Kenda Mutongi, aliyezichunguza barua za safu hiyo za miaka ya 1960 hadi 1980, ameonyesha jinsi vijana wa kike na wa kiume walivyoleta mashaka yao ya uchumba kwa mtu waliyemwamini kuwa ni dada wa mjini.

Tanzania ilipata pia ushauri wa mavazi usiotoka kwa shangazi yeyote bali kwa chama tawala, TANU. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa tarehe 1 Januari 1969 kwa kupiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kung'arisha ngozi, na kurasa za barua za magazeti ya Dar es Salaam zikajaa hoja za watu waliopima uzalendo kwa urefu wa pindo. Katika orodha hiyo krimu ndizo zilizostahili hofu, kwa kuwa nyingine katika aina hiyo zilikuwa na zebaki, madini yenye sumu. Lakini katazo liliziweka kundi moja na pindo la sketi, na hivyo likarudia kosa la majarida yenyewe la kuyapa mambo yote uzito uleule.

Mwaka 1988 lilitoka jarida la Marekani lililojaribu kuvunja mzunguko huu, nalo ni Sassy, lililohaririwa na Jane Pratt, mwenye umri wa miaka 24, ambalo waandishi wake walitumia majina yao halisi na kuzungumza na msomaji kama rafiki. Makundi ya kidini yalishinikiza watangazaji walisuse kwa sababu ya makala zake za wazi kuhusu mahusiano, na kufikia mwisho wa 1994 timu yake ya mwanzo ilikuwa imeondoka. Jackie lilikuwa limekwisha kufungwa mwaka 1993. Mtindo wa muongo huo, yaani nyusi zilizonyofolewa zikabaki uzi, uliwafundisha wasomaji wake kwamba mayonezi huoshwa na pindo hushushwa, lakini nyusi nyingine hazioti tena.

Kati ya Teena asiyezaliwa na Cathy, Claire na Dolly wasiokuwapo, aliyekuwa mtu halisi ni yule aliyeandika barua, na maswali yake, hata yalipofupishwa na mhariri, ni ushahidi wa yale ambayo wasichana na wavulana wa zama zile hawakuweza kumuuliza mtu wa nyumbani. Majibu yanachekesha, ila maswali ni historia. Kwa sababu hiyo, familia za Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na kwingineko zenye nakala za zamani za majarida ya namna hii zinaombwa kuzipeleka kwenye maktaba na nyaraka za taifa, kabla hazijafungiwa karanga.