Ala ya Sutton Hoo: Kinubi Kilichogeuka Lira

Aghalabu mwanafunzi anapoiona ala kongwe nyuma ya kioo katika jumba la makumbusho, huamini kuwa ndivyo ilivyokuwa. Mara nyingi anachokitazama ni maoni ya fundi aliyeiunda upya. Makala haya yanaangalia ala moja ya nyuzi iliyoundwa upya mara mbili kutokana na vipande vilevile, na kila mara ikatokea ala tofauti.

Mwaka wa 1939, katika shamba la Bi. Edith Pretty huko Sutton Hoo, mashariki mwa Uingereza, Basil Brown alifukua kaburi la mtu mkubwa, yamkini mfalme, aliyezikwa ndani ya merikebu yenye urefu wa takriban mita 27 mwanzoni mwa karne ya 7. Miongoni mwa silaha na dhahabu palikuwa na bakuli la shaba lililotoka pande za mashariki ya Bahari ya Mediterania. Humo mlikuwa na vipande vya mbao za mti uitwao mepo, mabaki ya mfuko wa ngozi ya biva, yule mnyama wa mtoni, na vibamba viwili vya shaba iliyopakwa dhahabu, vyenye vichwa vya ndege na vito vyekundu. Yaelekea ala ilikuwa imetundikwa ukutani ndani ya mfuko wake, ikaanguka na kuvunjika. Nyuzi zilikuwa zimetoweka na sehemu kubwa ya mwili wake imeoza.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vipande hivyo viliundwa kuwa kinubi kidogo. Swali linalozuka ni hili: kwa nini umbo hilo? Utendi wa Beowulf, ulio mashuhuri katika Kiingereza cha kale, hutaja ala iitwayo hearpe ikipigwa katika ukumbi wa mfalme, na neno hilo ndilo lililozaa neno la Kiingereza cha leo la kinubi. Kwa maoni yangu, jina liliwaongoza mafundi kuliko mbao zenyewe.

Mnamo 1970 Rupert na Myrtle Bruce-Mitford walichapisha maelezo mapya. Walivilinganisha vipande hivyo na ala zilizofukuliwa Ujerumani, na pia na picha ya Mfalme Daudi katika kitabu cha Zaburi cha karne ya 8 kiitwacho Vespasian. Vile vibamba vya ndege, walionyesha, vilifunika viungo vya mikono miwili na upau wa juu. Ala ilikuwa lira ya nyuzi sita. Kaburi lililofukuliwa Trossingen, Ujerumani, majira ya baridi ya 2001 na 2002, lilitoa lira ya namna hiyo ikiwa karibu kamili.

Jambo hili linatuhusu sisi walimu wa fasihi simulizi. Nyatiti ya Waluo, obokano ya Abagusii na litungu ya Wabukusu zote ni lira: zina mikono miwili, upau, na nyuzi zinazopita juu ya ngozi. Hata hivyo, tunaziita vinubi bila kusita. Biblia yetu nayo humpa Daudi kinubi, ilhali ala yake kwa Kiebrania ni kinnor, ambayo wataalamu wengi huiona kuwa lira. Jirani zetu Waganda hawana tatizo hili. Wao wana ennanga, ambayo ni kinubi hasa, na endongo, ambayo ni lira. Mtahiniwa anayeandika "kinubi" tu hajavunja sheria ya kamusi, lakini amemnyima msahihishaji umbo la ala na jamii yake pia. Heri aandike nyatiti na aieleze.

Huenda stoo ya shule yako ina nyatiti iliyokatika nyuzi baada ya tamasha za muziki. Ipelekwe darasani hivyo hivyo. Wanafunzi waichore na kuzirejesha nyuzi zake kwa kalamu kabla ya kutajiwa jina, kisha walinganishe michoro yao na picha ya kinubi.