Kutoka Turubai hadi Gwanda

Kila mwaka wahitimu wa kidato cha sita wakishaweka kalamu chini, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) hutangaza nani anaripoti kambi gani. Mkoani Kigoma majina hayabadiliki sana: Bulombora, Kanembwa, Mtabila. Kijana wa Tanga akiona amepangiwa 825 KJ Mtabila huuliza nauli ya basi mpaka Kasulu na kama huko kuna baridi. Mrundi wa rika la miaka thelathini akilisikia jina hilohilo ana mambo mengine kichwani. Mtabila ndiko alikosomea darasa la kwanza, ndiko mama yake alikopanga foleni ya mgao, na huenda ndiko alikozaliwa.

Eneo hilo lilikuwa kambi ya wakimbizi kwa karibu miaka ishirini kabla halijawa kambi ya jeshi. Lilipobadilishwa matumizi palikuwa na upinzani, na mkubwa kweli, ingawa haukuwa wa mabango wala maandamano. Waliopinga zaidi hawakuwa na kura Tanzania. Majirani zao wenye kura hakuna aliyewaandalia sanduku la kuipigia.

Kuhamishwa na serikali hakukuanza na wakimbizi katika nyanda hizi. Waha wa himaya za Heru, Muhambwe na Buyungu waliishi kwa kutawanyika migongoni mwa vilima, kila mji na migomba yake. Majina ya Muhambwe na Buyungu yalikuja kutumika pia kwa majimbo ya uchaguzi. Chini ya Waingereza, ugonjwa wa malale uliposhika kasi, watu wa upande wa mapori ya mashariki waliamriwa kuacha nyumba zao na kukusanyika katika makazi yaliyopimwa, msitu wa mbung'o ukakatwa kuwazunguka. Huko walikotoka pori likajirudia. Kisha ikaja Operesheni Kigoma kuanzia mwaka 1972, mojawapo ya operesheni za mwanzo kabisa za vijiji, na Waha wakateremshwa kutoka vilimani kwenda kupangwa kwenye mistari kando ya barabara. Mara zote mbili ardhi iliyoachwa haikurudi kwa mwenye mgomba. Aliyekuja kuihitaji baadaye aliikuta imeandikwa kuwa pori, au hifadhi, au mali ya umma isiyo na mtu.

Mwandishi wa historia ya mkoa huu akiruka sura hiyo, hatajua kwa nini wazee wa Kibondo hawakushangaa sana mwaka 1993 serikali ilipoonyesha kidole porini na kusema: pale panafaa.

Oktoba 21 mwaka huo Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa na wanajeshi, na mauaji yaliyofuata yakasukuma watu kuvuka mpaka kwa malaki. Kanembwa ikafunguliwa Kibondo. Zikafuata Mtendeli, Nduta, Mkugwa na hatimaye Karago. Upande wa Kasulu zikawa Mtabila na Muyovosi, kisha Nyarugusu mwishoni mwa 1996, vita vya Laurent Kabila vilipowavusha Wakongomani Ziwa Tanganyika. Kufikia mwaka 2000 Tanzania ilikuwa na wakimbizi zaidi ya 500,000 waliosajiliwa, na kwa sehemu kubwa mzigo huo ulibebwa na wilaya chache za magharibi ambazo ukoloni ulizichukulia kama ghala la manamba wa kupeleka kwenye mkonge wa Tanga.

Wenyeji walipata na walipoteza. Mrundi alilima kibarua shambani kwa Muha kwa ujira mdogo au kwa mihogo, na wawili hao walielewana bila mkalimani kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu. Mafuta ya kupikia kwenye makopo yenye bendera ya Marekani yalifika mpaka soko la mjini Kasulu, pamoja na unga wa njano ambao Watanzania wenye umri wao waliuita yanga tangu enzi za uhaba wa chakula. Turubai jeupe lenye herufi za bluu za UNHCR liliezeka vibanda vya chipsi na kuanikia maharage. Barabara zilichongwa, visima vikachimbwa, vijana waliomaliza shule wakapata kazi za udereva na ukarani. Kwa upande mwingine kuni ziliisha, mihogo iliibwa shambani usiku, na ujambazi wa silaha ukaifanya barabara ya Kibondo kuwa ya kusafiri kwa msafara wa polisi. Loren Landau, mtafiti aliyelinganisha Kasulu na Mpwapwa katika kitabu chake cha 2008, The Humanitarian Hangover, aliona kwamba badiliko kubwa zaidi halikuwa la mfukoni. Watu wa Kasulu walijifunza kuipenda Tanzania kwa sauti kubwa, wakamlaumu mkimbizi na mashirika kwa kila kilichoharibika, huku serikali yenyewe wakiidai kidogo.

Neno kambi nalo lilikuwa na utata wake. Serikali ya Burundi ilizilalamikia kambi za Kibondo na Kasulu kwamba ni maficho ya waasi, na uhusiano wa nchi mbili ukachacha. Tanzania ilikana kuwapa waasi hifadhi, lakini ilichukua hatua kana kwamba hatari ipo. Mwishoni mwa 1997 wanajeshi walipita vijijini wakikusanya Warundi waliokuwa wakiishi uraiani, wengine kwa miaka mingi na wenye ndoa na mashamba, wakawaingiza kambini. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 ikakaza zaidi: kutoka kambini kunahitaji kibali, na mazoea yaliyokubalika yakawa kutovuka kilomita nne. Mkimbizi aliyekwenda kutafuta kuni kilomita ya tano alikuwa mhalifu.

Baada ya Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 hali ya Burundi ilianza kutulia, na kuanzia 2002 malori ya kurejesha watu yakaanza kutembea. Kambi zikafungwa moja baada ya nyingine. Nduta, Kanembwa na Muyovosi zilizimwa mwaka 2008, na kambi ya Lugufu 2009. Kilichobaki kwa Warundi ni Mtabila.

Mtabila iligoma.

Hakukuwa na jiwe lililorushwa la kusimuliwa. Watu walikataa tu kujiandikisha. Tarehe ya mwisho ilitangazwa, ikapita, ikatangazwa nyingine. Mwaka 2009 shule za kambini zilifungwa, hivyo mtoto wa miaka saba akakua bila darasa. Kulima kukapigwa marufuku, biashara ndogondogo zikabanwa. Bado makumi ya maelfu walibaki. Sababu zao zilikuwa za kawaida kabisa kwa mtu yeyote anayejua maana ya shamba: kule Burundi, nchi iliyosongamana watu, ardhi ya aliyekimbia ilishakaliwa na mwingine, pengine kwa hati ya serikali. Kuna waliokimbia mara mbili, 1972 na 1993, na hawakutaka kujaribu mara ya tatu. Vijana wao walizaliwa Kasulu na kilima cha baba walikijua kwa masimulizi.

Kilichowauma zaidi kilikuwa jirani. Warundi wa 1972, wale wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, walifunguliwa mlango wa uraia: zaidi ya 160,000 walikubaliwa mwaka 2010. Wa 1993 hawakuambiwa lolote la namna hiyo. Tofauti kati ya familia ya Mishamo na ya Mtabila ilikuwa mwaka wa kukimbia. Mtu mwenye akili timamu angeuliza kwa nini, na wengi waliuliza.

Mwaka 2011 serikali na UNHCR walianza kuhoji kaya moja moja kujua nani bado anahitaji hifadhi. Takriban watu 2,700 walikubaliwa, wakahamishiwa Nyarugusu. Waliobaki walivuliwa hadhi ya ukimbizi kuanzia Agosti 1, 2012. Kuanzia mwisho wa Oktoba malori yaliingia kwa zamu, kijiji cha kambi kwa kijiji cha kambi, nyumba zikibomolewa ili asirudi mtu usiku. Zaidi ya watu 34,000 walivushwa mpaka kwa wiki chache, na Desemba 31 kambi ikafungwa rasmi. Serikali iliita kazi hiyo urejeshaji wa mpangilio. Mpangilio ulikuwapo, hilo halina ubishi. Hiari ndiyo iliyokuwa adimu.

Sasa ardhi. Kwa sheria ya Tanzania ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakipa kijiji haki ya kusimamia iliyo yake, na hata inataka mkutano mkuu wa kijiji utoe maoni pale eneo kubwa linapotwaliwa. Ulinzi huo una pengo. Kambi zilikuwa tayari zimeteuliwa na Wizara ya Mambo ya Ndani, nyingine kwenye mapori ya akiba au nchi iliyohamwa zamani, kwa hiyo mkimbizi alipoondoka eneo lilirudi serikalini. Mwanakijiji wa jirani aliyekuwa akingoja miaka ishirini ili achunge au alime pale hakuwa na pa kupeleka dai lake. Alikuwa na kumbukumbu ya babu tu.

Kila kambi ilipata mrithi wa aina yake. Lugufu iligeuzwa shule za sekondari, na majengo ya mashirika yakawa madarasa na mabweni. Huo ndio mgawanyo ambao wenyeji wengi wangeupenda, kama ilivyokuwa Mazimbu, Morogoro, ambako chama cha ANC cha Afrika Kusini kiliondoka mwaka 1992 kikakiachia Chuo Kikuu cha Sokoine chuo kizima cha wapigania uhuru. Kenya nayo iliwahi kufanya hivyo na kambi ya Waingereza ya Kahawa, iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mtabila ilikwenda njia iliyo kinyume. Ilikabidhiwa jeshi. Mwaka 2013 mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria, yaliyokuwa yamesitishwa tangu 1994, yalirejeshwa, na nchi ikahitaji mahali pa kulaza maelfu ya vijana. Palipokuwa na turubai pakawa na gwanda.

Uamuzi huo ulionekana wa busara kwa miaka miwili na ushei. Aprili 25, 2015 chama tawala cha Burundi kilimteua Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu, na Warundi wakaanza kukimbia tena. Makumi ya maelfu walijibana Kagunga, kijiji cha ufukweni chenye mlima mgongoni, kipindupindu kikawakuta hapohapo. Meli iliyowatoa ilikuwa MV Liemba, ambayo nayo ni chombo kilichotumika vitani kisha kikabadilishwa kazi: Wajerumani waliijenga Papenburg kama Graf von Götzen, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua ibebe abiria. Nyarugusu ikafurika kupita watu 150,000. Katika waliovuka walikuwamo wale wa 2012, waliokuwa wamesema wazi kwamba hali ya kwao haijakaa sawa.

Mtabila haikuwapo tena ya kuwapokea. Serikali ikaonyesha Nduta, Mtendeli na Karago. Karago ikashindikana kwa uhaba wa maji. Nduta ikafunguliwa upya Oktoba 2015, na Mtendeli Januari iliyofuata.

Oktoba hiyohiyo ya 2015, Berlin, wakimbizi walianza kulazwa kwenye mahanga ya Tempelhof, uwanja wa ndege uliotumiwa na jeshi la Marekani kwa miongo na uliofungwa mwaka 2008, mwaka uleule wa Nduta. Mwaka mmoja kabla, wenyeji wa Berlin walikuwa wameitwa kupiga kura kama uwanja ujengwe majumba au ubaki wazi, na wengi wakakataa ujenzi. Kasulu na Kibondo hazikuitwa, si kwa kufungua kambi, si kwa kufunga, si kwa kukabidhi.

Walisema kwa njia nyingine, kupitia madiwani na wabunge wao, na kauli zao hazikwenda upande mmoja. Miaka ya 1990 kilio kilikuwa kuni, wizi na bunduki. Lakini kuanzia 2018 serikali ilipofunga masoko ya pamoja yaliyokuwa pembeni ya kambi, ili kuwasukuma Warundi warudi kwao, waliolalamika walikuwa pia wakulima wa vijiji vya jirani. Mama aliyezoea kumuuzia mkimbizi ndizi na dagaa na kurudi na maharage ya mgao alipoteza wateja kwa siku moja. Mtendeli ilifungwa kwa mara ya pili Desemba 2021, watu wake wakapelekwa Nduta, na wafanyabiashara wa jirani, Kakonko, wakabaki na bidhaa walizozoea kuwauzia wakimbizi.