UZI: Ufuo ni wa nani, na nani anautunza?

1. Kila msimu wa kampeni, wavuvi wanakumbukwa. Mmoja anasema serikali imewatupa. Mwingine anasema wavuvi wenyewe wameharibu bahari kwa nyavu haramu. Makofi, watu wanaenda nyumbani. Mimi nasoma sayansi ya siasa, na naona wote wawili wanaruka historia. Twende Gazi, Kwale.

2. Ghuba ya Gazi ina mikoko. Samaki wadogo, kamba na kaa hujificha kwenye mizizi yake mpaka wakue. Kwa hivyo ukikata mikoko leo, mvuvi anaanza kulia miaka kadhaa baadaye, na aliyekata hayuko tena.

3. Mwaka wa 1932 serikali ya kikoloni ilitangaza mikoko ya pwani kuwa msitu wa serikali. Kuanzia hapo, mwenye usemi alikuwa mtu wa ofisini. Miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ikakatwa kwa wingi iwe kuni za viwandani. Sehemu zingine zikabaki tope tupu, na miti haikurudi yenyewe. Hasara ilikuwa ya kijiji, sahihi haikuwa yake.

4. Mwaka wa 1991 watafiti wakaanza kupanda upya pamoja na wanakijiji. Sheria ya Misitu ya 2005 ikaruhusu jamii kusimamia msitu kwa mkataba na serikali. Mwaka wa 2013 mradi wa Mikoko Pamoja ukaanza: wakazi wa Gazi na Makongeni wanatunza hekta 117, wanauza kaboni, na pesa zinaingia kwenye maji na shule. Gazi haijawa peponi. Lakini anayelinda sasa ana mkataba, na ana kitu anapata.

5. Baharini je? Juya lilipigwa marufuku 2001, lakini marufuku bila mlinzi ni karatasi tu. Kanuni za 2007 zikaunda BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia madiko yao. Wazo zuri. Shida ni kwamba kikundi kinaweza kupewa kazi bila kupewa pesa.

6. Halafu Katiba ya 2010. Jedwali la Nne linataja uvuvi kwa serikali ya kitaifa na pia kwa kaunti. Kifungu cha 62 kinasema ardhi kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma, chini ya serikali ya kitaifa kwa niaba yetu. Sasa diko likinyakuliwa, au majitaka yakimwagwa ghubani, ni rahisi sana kila ofisi kunyooshea nyingine kidole.

7. Kwa hivyo mgombea akija na ahadi ya boti na injini, msimkatalie. Muulizeni tu: diko letu lina hati? BMU itapata fungu gani kwenye bajeti? Mikoko ikikatwa usiku, tumpigie nani simu? Boti bila samaki ni mbao tu.