Uwiano wa Udahili: Asilimia Tatu ya Nani?

Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Harvard kilipokea maombi 40,248 ya shahada ya kwanza, kikachukua wanafunzi 1,980. Mwaka uliofuata maombi yalikuwa 57,435 na waliochukuliwa 1,968. Ukigawanya, unapata asilimia 4.9 kwa mwaka wa kwanza na asilimia 3.4 kwa wa pili. Magazeti ya Marekani yakatangaza rekodi mpya, na wazazi wakashika vichwa.

Hebu tuzitazame nambari zenyewe. Waliochukuliwa walipungua kumi na wawili tu. Kilichofumuka ni idadi ya walioomba, na sababu yake inajulikana: korona ilifunga vituo vya mitihani ya kuombea vyuo (SAT na ACT), Harvard ikaacha kudai alama za mitihani hiyo, na maelfu ya vijana ambao mwaka wa nyuma wasingethubutu wakaona nao wajaribu. Sasa mchukue kijana mmoja hodari, mwenye masomo mazito, alama za juu na barua nzuri za walimu wake. Je, kwa kuwa watu wengine 17,000 wamejiunga na foleni, tumaini lake limepungua kwa karibu theluthi? Huenda limepungua kidogo, huenda halikuguswa kabisa. Ile asilimia 3.4 haina namna ya kutujibu, kwa sababu haikuundwa kwa swali hilo.

Asilimia hiyo kwa Kiingereza huitwa "acceptance rate". Maana yake ni finyu sana: idadi ya waliochukuliwa, igawanywe kwa idadi ya walioomba. Basi. Kwa Kiswahili nimekutana nayo kwa majina matatu: kiwango cha udahili, nafasi ya kuchaguliwa, na asilimia ya kukubaliwa. Kila jina lina kasoro yake, na kasoro hizo zinastahili kusemwa kwa sababu ndizo zinazomfanya kijana wa kidato cha sita aisome nambari vibaya.

Neno udahili lenyewe halina ugomvi. Lina mzizi mmoja na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuingia, na Tanzania limekaa imara: Tume ya Vyuo Vikuu hufungua dirisha la udahili, hutangaza awamu za udahili, na vyuo vina maofisa udahili. Kenya husikika zaidi kwamba mwanafunzi ameteuliwa kujiunga na chuo kikuu, lakini msomaji wa huko akikutana na udahili hapotei.

Shida iko kwenye kiwango. Msikilizaji wa kwetu akisikia kiwango cha udahili, mawazo yake hukimbilia sifa za chini za kuingia. Tanzania hizo kwa kawaida ni ufaulu wa masomo mawili ya kidato cha sita yenye jumla ya pointi 4; Kenya ni alama ya C+ katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Hivyo ndivyo viwango anavyovijua. Ubaya zaidi ni kwamba neno hili hugeuza maana juu chini. Chuo chenye kiwango kikubwa cha udahili, kwa hesabu hii ya Marekani, ni chuo kinachochukua karibu kila aombaye. Sikio la Kiswahili linasikia kinyume kabisa, chuo kikali chenye masharti ya juu. Istilahi inayomwambia msomaji kinyume cha inachomaanisha haifai, hata kama imeshaenea.

Nafasi nayo ni neno tamu lenye sura mbili. Chuo kina nafasi 1,900, yaani viti. Mwanafunzi ana nafasi ya kuingia, yaani tumaini au bahati. Ukiandika kwamba nafasi za Harvard ni asilimia 3, unaanza na viti na kuishia kwenye bahati ndani ya sentensi moja, na msomaji hajui umemwacha wapi. Mimi ningeliacha nafasi libebe viti peke yake.

Asilimia ya kukubaliwa inakaribia lengo, ila kwa vyuo vya Marekani kukubali kuna pande mbili. Chuo humkubali mwanafunzi, kisha mwanafunzi huamua kama naye anakikubali chuo, maana huenda amepata vitatu. Upande huu wa pili una hesabu yake, na maofisa udahili huihesabu kwa wasiwasi mkubwa kuliko ule wa kwanza. Harvard huitikiwa na zaidi ya wanane katika kila kumi inaowaita. Vyuo vingi vizuri huitikiwa na watatu au pungufu. Hesabu hiyo ya pili tuiite uwiano wa kuitikia. Na ya kwanza, ambayo ndiyo mada yetu, tuiite uwiano wa udahili. Uwiano ni neno la darasa la hesabu tangu shule ya msingi. Kila alisikiaye anajua kwamba nyuma yake kuna nambari mbili zinazolinganishwa, na kwamba ukibadilisha mojawapo jibu linabadilika.

Kwa tumaini la mwombaji mmoja, neno tunalo tayari: uwezekano. Uwezekano wa kudahiliwa ni wa mtu. Uwiano wa udahili ni wa umati. Hapa ndipo istilahi inapogusa maisha.

Mwaka 2018 Harvard ilisimama mahakamani Boston katika kesi ya ubaguzi iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani na kuamuliwa Juni 2023. Kesi hiyo ilifungua mafaili ambayo vyuo vya aina hii havimwonyeshi mtu. Ilibainika kwamba wanamichezo waliotafutwa na makocha walidahiliwa kwa uwiano wa asilimia 86. Watoto wa waliosoma hapo zamani walidahiliwa karibu mmoja katika kila watatu. Ukiwajumlisha hao na watoto wa wahadhiri na wafanyakazi wa chuo, pamoja na majina yaliyo kwenye orodha maalumu ya mkuu wa udahili, unapata kundi lisilofika asilimia 5 ya waombaji lakini linalochukua takribani asilimia 30 ya waliodahiliwa.

Tufanye hesabu ya mfano. Chuo fulani kina waombaji 2,000 na kinachukua 100, kwa hiyo uwiano wake ni asilimia 5. Waombaji 100 ni wa lile kundi lenye upendeleo, na 30 kati yao wanachukuliwa. Waliobaki ni waombaji 1,900 wanaogombea viti 70, yaani chini kidogo ya asilimia 3.7. Kundi moja lina asilimia 30, jingine 3.7, na hakuna hata mtu mmoja kwenye foleni nzima ambaye uwezekano wake ni ile asilimia 5 iliyoandikwa gazetini. Urefu wa wastani wa abiria wa daladala haukuambii kama kichwa chako kitagonga paa.

Na hata hiyo 3.7 ni wastani wa watu wasiofanana. Wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walichapisha mwaka 2023 utafiti uliolinganisha vijana wa Marekani wenye alama sawa za SAT au ACT. Mtoto wa familia iliyo katika asilimia 1 ya juu kwa kipato alikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kusoma katika vyuo vinane vya Ivy League na wenzao wachache wa daraja hilo, kuliko mtoto wa familia ya kipato cha kati mwenye alama zilezile. Mtihani ulikuwa mmoja na alama sawa, lakini uwezekano ulitofautiana. Uwiano wa udahili umelala kimya juu ya yote hayo.

Mwombaji wa Mwanza, Mombasa au Bukavu ana foleni yake nyingine, kwa sababu baadhi ya vyuo hivi huwahesabu wageni kando. MIT huweka ukomo kwa idadi ya wanafunzi wa kigeni. Uwiano wao wa udahili umekuwa karibu asilimia 2, wakati ule wa jumla unaotangazwa ni kati ya 4 na 5. Kijana anayejipima kwa nambari ya jumla anajipima kwa fimbo ya watu wengine.

Kisha kuna suala la ada. Vyuo vichache, vikiwemo Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, huamua kumchukua mgeni bila kuuliza kwanza kama ana uwezo wa kulipa, kisha humpa msaada kwa kadiri ya mahitaji yake. Ningeuita udahili usioangalia mfuko. Vyuo vingi zaidi, vikiwemo vyenye jina kubwa kama Stanford, huangalia mfuko wa mwombaji wa kigeni anayehitaji msaada, ingawa kwa Mmarekani haviangalii. Maana yake, katika chuo hichohicho na mwaka uleule, mtoto wa Nairobi ambaye wazazi wake watalipa ada yote na mtoto wa Songea asiye na kitu wana uwezekano tofauti hata kama mafaili yao yanalingana neno kwa neno. Kwa vijana wetu walio wengi, hili ni swali la kwanza, na uwiano wa udahili ni la tano au la sita.

Kuna jambo jingine ambalo vyuo havipendi kulizungumzia: uwiano huu hutengenezwa. Chuo Kikuu cha Chicago katikati ya miaka ya 2000 kilikuwa kikichukua karibu wanne katika kila waombaji kumi. Leo kinachukua takribani mmoja katika kila ishirini. Walimu hawakugeuka ghafla kuwa bora mara nane. Chuo kiliingia katika Common App, ile fomu moja inayomwezesha mwanafunzi kuomba vyuo hadi 20, kikajitangaza kwa nguvu, na mwaka 2018 kikaacha kudai alama za SAT na ACT. Waombaji wakamiminika na uwiano ukaporomoka. Kuporomoka huko kulikuwa na faida, kwani gazeti la U.S. News & World Report, ambalo limepanga vyuo kwa daraja tangu 1983, lilihesabu uwiano wa udahili katika upangaji wake hadi mwaka 2018. Chuo kilichokaribisha vijana wengi ambao kingewakataa kilionekana bora kuliko jirani aliyewaambia ukweli mapema. Mwaka huohuo wa 2018 Stanford ilitangaza kwamba haitatoa tena taarifa kwa vyombo vya habari kuhusu nambari zake za udahili. Naona walifanya vyema, japo walichelewa.

Wapo wanaojaribu kuishinda nambari hii kwa wingi. Wanasema: kila chuo kina asilimia 5, nikiomba kumi nitakuwa na asilimia 40 ya kupata angalau kimoja. Hesabu yenyewe ni sahihi kwa dadu, yaani kwa matukio huru, ambayo moja halina habari na jingine. Maombi kumi ya mtu mmoja si matukio huru. Alama ni zilezile, barua ya mwalimu ni ileile, na insha yenye kasoro inasafiri na kasoro yake hadi kwenye meza kumi. Kilichomkwamisha kwenye meza ya kwanza kina nguvu ya kumkwamisha kwenye ya tisa.

Uwezekano hubadilika kwa masharti yanayomhusu mtu mwenyewe. Kwa mfano, huko Iten, Kenya, mpango wa KenSAP ulianzishwa mwaka 2004 na mwandishi John Manners pamoja na Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya 1972. Huwachukua wanafunzi bora wa KCSE kutoka familia zisizo na uwezo, huwaandaa kwa SAT na uandishi wa insha, kisha huwasaidia kuomba vyuo vya Marekani, na wengi wao wamepata, Harvard na Yale vikiwemo. Tusidanganyane hapa, maana mchujo mkali unafanyika kwanza Iten kabla faili halijafika Marekani, na wanaobaki ni wachache sana. Hata hivyo wachache hao waliingia katika miaka ambayo uwiano wa vyuo hivyo kwa jumla ulikuwa ukishuka.

Nimetaja mchujo, na ningependa neno hili lichukue kazi nyingine. Vyuo vya aina hii Wamarekani huvieleza kwa kivumishi chenye maana ya kuchagua, na wafasiri wetu huandika vyuo teule, jambo linalofanya chuo ndicho kionekane kimeteuliwa. Vyuo vya mchujo mkali inatosha, na kila aliyefuatilia kura za maoni za chama au mashindano ya mpira analielewa bila kamusi.

Kwa wahariri na wafasiri nina ombi moja: mkiandika uwiano wa udahili, andikeni nambari zote mbili, waliodahiliwa na walioomba, na mwaka wake. Na wewe unayejaza fomu, vyuo vingi vya Marekani huchapisha kila mwaka waraka uitwao Common Data Set, unaosomwa bure. Sehemu ya C inaonyesha mambo ambayo chuo kinasema kinayapa uzito wakati wa kuchuja. Lakini anzia sehemu ya H, kipengele cha 6: hapo chuo hueleza ni wageni wangapi kiliwapa msaada wa fedha, na kwa wastani kila mmoja alipata dola ngapi.