Miaka Ishirini na Tisa

Mwaka 1972, nikiwa mwanachuo wa ualimu, mkufunzi wetu wa historia alitupeleka Rabai kuona mahali walipokaa wamisionari Krapf na Rebmann. Tulikuwa vijana, tulichokumbuka jioni ile ni jua kali na mihogo ya kuchoma tuliyonunua njiani. Sasa nimestaafu ualimu mkuu, nimevuka miaka sabini, na Rabai hunirudia mawazoni mara kwa mara. Sababu nitaieleza.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na misheni ya CMS ya Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe, Rosine. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Rosine alijifungua mtoto wa kike, homa ikamshika, akafa. Na mtoto naye akafa baada yake. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Hebu fikiri, msomaji: mtu ameacha kwao, ameomba njia ifunguke, na kitu cha kwanza kufunguka ni kaburi. Naye akawaandikia wakuu wake kwamba kaburi lile ni ishara kuwa kazi imeanza. Sisi walimu tulifundisha habari hiyo kwa dakika mbili, tukakimbilia theluji ya Kilimanjaro, kwa kuwa ndiyo iliyoulizwa katika mitihani.

Johannes Rebmann alikuja mwaka 1846, wakahamia Rabai. Tarehe 11 Mei 1848 aliuona Kilimanjaro, na wako wataalamu Uingereza waliokataa katakata kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Lakini Rebmann hakuja kuomba mlima. Aliomba watu, na watu hawakuja. Mringe, aliyekuwa kilema, alikuwa miongoni mwa wachache mno walioamini, naye hakuishi sana. Mwaka 1853 Krapf aliondoka kwa sababu ya afya. Rebmann akabaki. Alimzika mkewe mwaka 1866. Aliandika kamusi, hata ya lugha ya Nyasa, akiyaokota maneno kinywani mwa mtumwa aliyeletwa pwani kutoka huko. Macho yakafifia mpaka akawa kipofu. Miaka 29 hakuiona nchi yake.

Alirudi Ujerumani mwaka 1875, akafa mwaka uliofuata. Mwaka ule ule alioondoka, Freretown ilianzishwa karibu na Mombasa, na mamia ya watu waliokombolewa utumwani wakaletwa pale. Darasani nilipenda kusema kwamba hayo ndiyo yalikuwa majibu ya maombi yake. Siku hizi siharakishi kusema hivyo. Watu wale waliletwa na merikebu za Waingereza, baada ya mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa Unguja. Labda Mungu alikuwamo katika mkataba ule; mimi naamini alikuwamo. Lakini mzee yule hakuonyeshwa hayo. Aliendelea kuomba gizani, na ndilo jambo ambalo sikuwa nimelifundisha hata siku moja.

Nina mwana aliyetoka nyumbani kwa hasira mwaka 2009. Maneno yaliyomfukuza yalikuwa yangu. Hajaandika, hajapiga simu. Mhubiri mmoja aliniambia, mbele ya mama yake kijana, kwamba majibu yamechelewa kwa kuwa imani yangu ni haba. Nilinyamaza, kwa kuwa tulikuwa wageni mezani pake. Leo ningemwuliza imani ya Rebmann ilipungua kilo ngapi.

Krapf alifariki Korntal, Ujerumani, mwezi wa Novemba 1881. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake. Magoti yangu mimi hayakunjiki tena. Naomba nikiwa nimekaa, taa imezimwa, mke wangu kando yangu akijifanya amelala, na namtaja mwanangu kwa jina tulilomwita alipokuwa mdogo.