Wanawake na Ulinzi wa Ardhi Kavu: Mfano wa Ukambani



Chama kikitimiza miaka kumi, ni desturi kuhesabu magunia na fedha. Lakini kabla ya gunia kulikuwako udongo, na historia ya udongo katika nchi kavu haielezeki pasipo kuwataja wanawake. Ushahidi mzuri watoka Machakos, Ukambani, nchini Kenya.

Katika miaka ya 1930 vilima vya Machakos vilikuwa vimechanwa na makorongo. Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa serikali wa hifadhi ya udongo, aliandika kwamba nchi ile yaelekea kuwa jangwa. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikawanyang'anya watu ng'ombe ili kupunguza mifugo. Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kumlalamikia Gavana. Muindi alikamatwa akapelekwa Lamu, lakini amri ile haikudumu.

Tangu mwaka 1946 watu walilazimishwa kuchimba matuta. Wanaume wengi walikuwa mijini wakitafuta mshahara, au jeshini. Kwa hiyo majembe yalishikwa zaidi na wanawake. Kazi ya kulazimishwa ilichukiwa. Katika miaka ya 1950 maafisa waligeukia mwethya, yaani desturi ya kale ya majirani kusaidiana kazi kwa zamu. Kila kikundi kilijichagulia viongozi, na wengi katika waliochaguliwa walikuwa wanawake.

Njia iliyoshinda yaitwa "fanya juu", jina la Kiswahili linalotumiwa hata na wataalamu wa nchi za nje. Mtaro huchimbwa kukingama mteremko, na udongo hutupwa upande wa juu ukawa tuta. Mvua ikinyesha, maji husimama na udongo hukaa nyuma ya tuta. Miaka ikipita, shamba la mteremko huwa ngazi. Nyasi hupandwa juu ya tuta ili kulishika, nazo hukatwa kulisha ng'ombe.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 kazi hii ililegea, kwa maana ilinuka amri za wakoloni. Katika miaka ya 1970 ilifufuka kwa hiari, na vikundi vya wanawake vilikuwa mstari wa mbele. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu cha uchunguzi wao: tangu mwaka 1932 hadi 1990 watu wa Machakos walizidi mara tano, lakini mmomonyoko ulipungua, na mazao kwa kila mtu yakaongezeka.

Sisi tujifunze nini? Kwanza, lazima haikuiponya ardhi, ushirika uliiponya. Pili, mchimba tuta astahili sehemu ya faida yake. Kahawa ya mteremkoni husimama juu ya matuta, lakini malipo hufuata jina lililoandikwa daftarini, na mara nyingi jina hilo ni la mume peke yake. Mke asiye mwanachama hapigi kura wala hachaguliwi kuwa mjumbe, ingawa jembe ni lake.

Kwa hiyo nawaomba wajumbe wa Mkutano Mkuu walifikirie jambo hili: kila shamba linalolimwa na mume na mke liandikwe kwa majina yao wawili. Wanawake walioaminiwa kuongoza mwethya waweza pia kuaminiwa katika halmashauri. Tukifanya hivyo, miaka kumi ijayo tutahesabu magunia, na udongo wa kuyajaza utakuwapo.